Suruali Nilizozishona Bila Kuuliza

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye benchi la kliniki, mikono magotini, macho kwenye mlango wa kutokea.

Kwa aliyechelewa kutufuata: mimi ni fundi wa suruali za kiume. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kufumua suruali kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa. Mwaka huu umenipiga kila upande. Paa la chumba changu cha kushonea lilivuja likaharibu vitambaa vya wateja. Cherehani yangu kubwa ikaibwa. Kisha mkojo nao ukaanza kunigomea: unakuja kidogo, unakatika, unanirudisha chooni kabla sijakaa.

Mke wangu aliniambia niende kupima tezi dume. Kila nilipokata shauri, kaka yangu alinitoa kwenye shauri hilo kwa kicheko. Yeye ni dalali wa magari, na mdomo wake ndio duka lake.

“Taratibu,” ndivyo anavyoniita, “ukienda kule utavuliwa suruali na mtoto aliyezaliwa juzi, avae glavu, akuambie pumua. Utapumua vipi? Kunywa maji, bwana. Ukoo wetu hauna ugonjwa huo.”

Nami nilicheka, kwa sababu niliogopa, na kicheko kilinipa ruhusa ya kubaki nyumbani.

Mwishowe nikaenda kwa siri. Sikumuaga mke wangu, sikumwambia kaka. Na pale kwenye benchi, nilipokuwa nimeshajiinua nusu ili nikimbie, nikaona kitu kilichonikalisha tena.

Niliona kipembetatu cha uzi.

Kilikuwa kwenye kona ya mfuko wa suruali ya mzee aliyekaa karibu nami, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu. Mafundi wote mnaowajua humalizia kona ya mfuko kwa mstari mmoja mnene. Mimi humalizia kwa pembetatu. Suruali ya kwanza kabisa niliyoifumua ilikuwa imetafunwa na panya pale kwenye mfuko, mtu akaiziba kwa kipembetatu, nami nikadhani ndivyo suruali zote zinavyomalizwa. Nilipokuja kugundua kosa langu mkono ulikuwa umeshazoea. Mafundi wenzangu hunicheka mpaka leo.

Hakuna mwingine anayeshona hivyo.

“Samahani, mzee wangu,” nikasema. “Hiyo suruali umeipata wapi?”

“Unaitaka? Ngoja nife kwanza.”

“Nauliza tu. Imeshonwa vizuri.”

“Imeshonwa na malaika, baba.” Akaipapasa pajani. “Hii nililetewa na mwenyekiti wa kikundi chetu cha waliopasuliwa. Alinipima kiuno yeye mwenyewe, kwa kamba ya kiatu, wiki niliyotolewa mpira.”

“Mpira gani?”

Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni wa mtaa. “Wa mkojo. Wewe ndiyo kwanza unakuja, eh?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Basi nikuambie, maana na mimi niliambiwa. Wakishakupasua, mkojo haukusikii tena kwa muda. Ukikohoa, huo. Ukicheka, huo. Na mimi napenda kucheka. Unavaa pedi kama mtoto. Sasa suruali ya dukani inakuumbua, watu wanaona uvimbe, wanaona alama. Lakini hii? Rangi ya giza. Pana hapa mbele. Bitana mara mbili. Kiunoni nyuma ina lastiki, unaivua upesi. Nimeivaa harusini, nimecheza, hakuna aliyejua.”

Nilikuwa nazijua zote hizo alizozitaja. Rangi ya giza, pana mbele, bitana mara mbili, lastiki nyuma. Nilikuwa nimezikata kwa mkasi wangu.

Kaka ndiye aliyeniletea mtindo ule. Alikuja chumbani kwangu akajipigapiga tumboni akasema amechoka kubanwa na suruali akiwa kwenye usukani siku nzima. Nikamshonea yake. Kisha akaanza kuleta vipimo vya watu wengine. “Wateja wangu wa magari wamezipenda,” akasema. “Mtu akinunua gari, anataka na suruali ya kuendeshea.”

Nikamwamini. Nikazipa jina kabisa: suruali za dereva. Nilimwambia mke wangu, kwa majivuno ambayo si kawaida yangu, kwamba nimeanzisha mtindo mjini. Nakumbuka hakunijibu. Aliondoka kwenda kutazama sufuria, na moto ulikuwa haujawashwa.

Nikainamisha kichwa nikatazama benchi lote, mifuko tu, mmoja mmoja. Kulikuwa na kipembetatu kwa yule anayesinzia, na kingine kwa yule mwenye fimbo, na kingine kwa yule aliyekuja na binti yake.

Wateja wa magari.

“Mwenyekiti wenu ni nani?” nikauliza, ingawa nilijua.

“Dalali mmoja, mrefu, jino lake moja la mbele limempanda mwenzake. Mcheshi huyo! Alipasuliwa kabla yetu sote. Siku niliyokuja hapa nilikuwa natetemeka kama wewe sasa hivi, akanishika mkono akaniingiza ndani. Akaniambia, mzee, wanaume tunakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa.”

“Alikuambia hivyo?”

“Kwa mdomo wake. Na kikundi chetu kina sharti moja tu, alilitunga yeye. Ukishajua hali yako, unamleta ndugu yako wa damu apimwe. Mimi nimeleta wanangu wote, mmoja nilimdanganya kuwa tunakuja kumwona mgonjwa.” Akacheka, akajishika mbele, akanikonyeza. “Unaona? Huo.”

“Na yeye mwenyekiti alimleta nani?”

Mzee wa kofia akaacha kucheka.

“Hapo ndipo mtihani wake ulipo. Ana mdogo wake mmoja tu, mbishi ajabu. Amemsihi, amempigia magoti, mdogo mtu anamfukuza. Eti alimwambia usiniletee mikosi ya wagonjwa nyumbani kwangu. Ndugu wa damu! Siku ile anatusimulia alilia. Sisi tunamwombea huyo mtu kila tukikutana.”

“Mnamwombea.”

“Kila tukikutana.”

Watu ambao sijawahi kuwaona walikuwa wamekaa kwenye chumba, wameinamisha vichwa, wanaomba nipunguziwe ukaidi.

“Asanteni,” nikasema.

“Za nini?”

Nesi akafungua mlango akaniita.

Sasa nitawaeleza kitu ambacho kwa muda mrefu nilikiogopa kuliko kaburi, na nitakieleza kifupi kwa sababu chenyewe kilikuwa kifupi. Walinitoa damu mkononi. Kisha daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu anayelea watoto wengi, akaniuliza maswali.

“Katika familia yuko aliyeugua tezi dume?”

Asubuhi ile nyumbani ningejibu hapana, tena kwa kiapo.

“Kaka yangu,” nikasema. Nilikuwa ninalisema kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimelijua kwa muda wa kuchemsha chai.

“Baba?”

“Baba alikufa kwa mgongo.”

Akainua macho. “Mgongo uliumaje?”

Nikamweleza. Ulianza chini kiunoni, ukashuka mapajani, ukamlaza kitandani, na watu wakasema ni mizigo aliyobeba ujanani. Daktari akasema tu, “Panda kitandani, lala ubavu.”

Ile glavu niliyotishwa nayo ilifanya kazi yake ikaisha kabla sijamaliza kufumba macho. Nilibaki nimelala pale, nimejikunja, nikitazama ukuta wa rangi ya maziwa. Niliona aibu, lakini si kwa ajili ya daktari. Hiki ndicho kilichonifanya nipoteze muda wote ule?

“Tezi yako imekua,” daktari akasema akivua glavu. “Kukua si lazima iwe saratani. Wanaume wengi wa umri wako ndivyo walivyo. Damu itatuonyesha njia. Njoo alasiri.”

Nilipotoka, mzee wa kofia alinishika mkono.

“Umeona? Hujafa. Wewe na sura yako hiyo, nilidhani watakubeba. Kazi yako nini?”

“Fundi. Nashona.”

“Kumbe! Kazi yako kupima watu, mwenyewe hupimiki.” Akacheka kwa tahadhari. Kisha akanisogelea. “Nikupe siri ya hapa. Alasiri wakikuita uingie peke yako, ingia unapiga mluzi. Wakikuambia uingie na mtu wako, shika ukuta kwanza.”

Nilikwenda moja kwa moja kwenye yadi ya kaka. Si mbali na kliniki. Sasa nilielewa kwa nini aliihamishia pale.

Alikuwa na mnunuzi. Alikuwa amefungua boneti, ameweka mkono kifuani. “Sikiliza injini hii, mheshimiwa. Inanguruma? Haingurumi. Inanong'ona. Gari hili lilikuwa la mwalimu wa dini, hata honi haijapigwa.”

Nilisimama pembeni nikasubiri mnunuzi aondoke. Mimi sipendi kumhukumu mtu kabla sijasikia upande wake, na sipendi kumvunjia mtu biashara.

“Taratibu!” akapaza sauti aliponiona. “Umemwachia nani cherehani? Au umekuja kununua gari hatimaye?”

“Kaka,” nikasema, “wale wateja wako wa magari wananiombea.”

Tabasamu lake lilibaki usoni, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

“Wateja gani?”

“Walioko kwenye benchi la kliniki. Wamevaa suruali zangu.”

Akafunga boneti polepole. Akaifuta kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

“Umekwenda kule kufanya nini?”

“Nimekwenda kupima. Wewe ulikwenda kufanya nini?”

“Sikia, mdogo wangu...”

“Nasikia. Nimekuja kusikia.”

Tukaingia kwenye gari, kwa sababu yadi haina ofisi. Yeye kwenye usukani, mimi pembeni, gari limezimwa. Mtu angepita angedhani tunasubiri abiria.

“Nilianza kama wewe,” akasema. “Usiku naamka, narudi, naamka. Nikasema ni uzee. Halafu damu ikatoka. Nikaenda. Daktari akaniuliza baba alikufa kwa nini, nikasema mgongo. Akaniuliza uliumaje. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini, akasema huenda ilikuwa saratani ya tezi iliyofika mifupani. Akaniuliza, una ndugu wa kiume? Nikasema ninaye mmoja.”

“Akasemaje?”

“Akasema mlete kesho.”

“Kesho hiyo ni lini, kaka?”

Akaushika usukani kwa mikono miwili.

“Nilikuja kwako,” nikasema. “Mimi mwenyewe. Nilikuja nikakuambia mkojo unanisumbua. Nilikaa kwenye kiti chako, nikakuuliza niende au nisiende. Ulinichekesha mpaka nikatokwa na machozi.”

“Ningekuambia kapime, ungeniuliza nimejuaje.”

“Ndiyo.”

“Ningekuambia nimejuaje, ungeniuliza mengine.”

“Ndiyo.”

“Mimi ndiye mkubwa!” Sauti ikampanda, akaishusha. “Baba alipokufa mlinitazama mimi. Nyote. Sasa nikuite nikuambie kaka yako anavaa nepi? Kwamba yale mambo ya kiume nayo yameniaga? Nilikuwa nasubiri nipate maneno. Kila siku nasema kesho. Jambo likilala linaota mizizi, Taratibu, ukirudi huling'oi tena.”

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi. Nilikuja nikiwa na hasira iliyopangwa vizuri kama vipande vya suruali kabla ya kushonwa, na yeye alikuwa anavitawanya.

“Na nepi hizo nilikuwa ninazikatia nafasi mimi,” nikasema. “Ungeniambia tu. Ningekushonea vizuri zaidi.”

Akacheka kidogo, kisha akafunika uso.

“Hayo nimeyasikia,” nikaendelea. “Aibu naijua, mimi pia nimejificha nayo. Lakini kuna moja sijalielewa. Kwa nini umewaambia kwamba umeniomba nikakufukuza?”

Viganja vyake vilibaki usoni.

“Mikosi ya wagonjwa. Maneno hayo umeyatoa wapi? Mimi nimewahi kusema hivyo kwa mtu yeyote?”

“Waliniuliza mbele ya watu,” akasema kwenye viganja vyake. “Nilikuwa nimetoka kuwapa lile sharti, kila mtu amlete nduguye. Mmoja akasema, na wewe mwenyekiti, wa kwako yuko wapi? Mdomo ukatangulia. Ukishasema mara moja, wanakuuliza tena wiki ijayo. Inabidi kuongeza.”

“Na machozi?”

“Machozi yalikuwa ya kweli.”

Nikafungua mlango wa gari. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika chini swali la mwisho liliponijia, na lilikuja kwa utulivu, kama swali la kazi. Kaka ni mjane. Wanawe wako mbali. Mtu akipasuliwa hawezi hata kujigeuza.

“Nani alikuuguza?”

“Acha hilo.”

“Nakuuliza tu. Nani alikuuguza?”

“Nimesema acha hilo, tafadhali. Nipige, nitukane, lakini hilo liache.”

“Kaka.”

Alitazama mbele, kwenye kioo, kana kwamba kuna barabara.

“Shemeji,” akasema.

Yeye ana shemeji mmoja tu duniani. Ni mke wangu.

Nitakuwa mkweli kwenu: mawazo yangu yalikwenda pabaya, yakazunguka kidogo, yakarudi. Yaliporudi yalinikuta nakumbuka safari. Mke wangu aliniaga anakwenda kwa dada yake aliyejifungua. Alikaa huko siku nyingi. Mimi nilishona vinguo vya mtoto, vya rangi ya njano, kola yake ndogo hata vidole vyangu vilisumbuka kuigeuza. Nikamfungashia. Aliporudi nikamuuliza, vilimtosha? Akasema, vilimtosha sana, kama vile ulimpima.

“Vile vinguo vya njano,” nikasema.

“Viko kwangu. Kabatini.” Kaka akapangusa pua. “Hakuwa na pa kuvipeleka. Kule kwa dada yake alikwenda mama yao. Sikuvitupa, mdogo wangu. Kila nikifungua kabati naviona.”

Nikashuka. Sikubamiza mlango, gari lilikuwa la kuuzwa.

Nilirudi kliniki kwa miguu, na ninyi mnaosoma mtaniuliza kwa nini sikwenda nyumbani. Nyumbani kwa nani? Pale benchini angalau walikuwa watu wasionijua wanaoniombea.

Sikukaa sana. Mke wangu aliingia akihema, ndala za jikoni bado miguuni. Kaka alikuwa amempigia simu. Akaja akasimama mbele yangu, hakukaa.

“Baba watoto.”

“Mama watoto. Mtoto wa dada yako hajambo?”

Akafumba macho. “Usinifanyie hivyo.”

“Nauliza hali yake.”

“Aliniapisha,” akasema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wanatazama. “Mtu mzima amelala hawezi kujifunika, analia, anasema shemeji, mdogo wangu asijue. Ningefanyaje? Nilidhani atakuambia mwenyewe akipona. Nilimngoja. Kisha nikaogopa nikikuambia utaniuliza ulikuwa wapi siku zile.”

“Na nilipoanza mimi kuamka usiku? Uliponisikia nasimama mlangoni pa choo?”

“Nilikuambia uende! Mara ngapi nimekuambia uende?”

“Uliniambia niende. Hukuniambia kwa nini.”

Machozi yakamtoka bila sauti. Akakaa mwisho wa benchi, mbali nami, kama mgonjwa mwingine tu.

Ndipo mlango wa nje ukafunguka, na benchi zima likachangamka.

“Mwenyekiti! Mwenyekiti huyo!”

Kaka aliingia kwa hatua za mtu anayepita kwenye matope. Wakampa mikono. Aliyesinzia akaamka. Mwenye fimbo akampisha nafasi. Yeye akawa anaitikia huku na huku, macho yake yakinitafuta na kunikwepa.

Mzee wa kofia akaona.

“Mwenyekiti, kumbe mnafahamiana na huyu bwana? Amekuja asubuhi, mpole, mwoga kama kuku mgeni, lakini amepima! Ameniambia ni fundi.”

Kaka akanitazama. Nilimwona akitafuta maneno, na nilimwachia muda. Niliweka mikono magotini nikasubiri. Ilikuwa rahisi sana. Maneno mawili tu yangetosha.

“Eeh,” akasema. “Namfahamu. Ndiye fundi wangu.”

“Alaa! Ndiye malaika mwenyewe!” Mzee wa kofia akanipiga begani. “Ndiye aliyetushonea! Kumbe asubuhi unanichezea, unauliza nimeipata wapi!”

Wakacheka wote, na wengine wakajishika. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amemkodolea macho shemeji yake, na nilichokiona usoni mwake sikuwahi kukiona tangu tuoane.

Fundi wangu.

Kuna vitu nilikuwa tayari kuvisamehe mchana ule. Siri ningeisamehe. Vile vinguo vya njano, pengine, baada ya muda. Hata yale maombi. Lakini hilo aliniambia usoni, nikiwa nimekaa, nikiwa na pamba ya sindano bado mkononi.

Mlango wa daktari ukafunguka. Nesi akatoa kichwa.

“Fundi? Daktari anakuita. Majibu yako yamefika.” Akatazama karatasi, akanitazama. “Amesema uingie na mtu wako.”

Mzee wa kofia aliacha kucheka. Mkono wake, uliokuwa begani kwangu, ukashuka taratibu. Benchi zima lilijua maana yake.

Nikashika ukuta kwanza, kama nilivyoelekezwa. Ulikuwa wa baridi.

“Mtu wako ni yupi?” nesi akauliza.

Wawili walisimama kwa pamoja. Mke wangu mwisho wa benchi, ndala zake za jikoni zimeelekea kwangu. Kaka katikati ya watu wake, suruali yake ya rangi ya giza, kipembetatu kwenye kona ya mfuko, uzi ambao niliukata kwa meno yangu mwenyewe.

Watu wakawatazama hawa wawili, wakanitazama mimi.

“Kaa, mama watoto,” nikasema. “Nitakuja kwako. Si sasa.”

Akakaa.

Kisha nikamgeukia yeye. Sauti yangu haijui kupanda; ilitoka ilivyo siku zote.

“Utaingia wewe. Lakini kabla hatujaingia, geuka. Watazame hawa. Waambie mimi ni nani. Halafu waambie uliniomba lini.”

Huyu mtu amewahi kuuza gari lisilo na injini, mnunuzi akamshukuru. Alifungua mdomo. Niliona lile jino lake lililompanda mwenzake. Hakikutoka kitu.

“Jamani,” nesi akasema, “daktari anasubiri.”

Hakuna aliyesogea. Mzee wa kofia alitazama uso wa kaka, akatazama wangu, akarudi kwa kaka, kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya kitambaa kimoja. Kisha akaivua kofia yake.

“Mwenyekiti,” akasema polepole. “Huyu ndiye yule?”